Pini Mdomoni

Shoga, uko? Natoka kwa daktari sasa hivi, nimeaibika mpaka basi.

Si unajua huu ulimi unavyoniwaka kama nimelamba pasi? Na wifi yangu anavyotangaza kila mahali kwamba ni umbea unaniunguza?

Basi daktari kaniambia, "Fungua mdomo, mama." Nikatema kwanza pini kiganjani. PINI, shoga! Nilitoka nazo kwenye cherehani nikazisahau. Kumbe ndiyo maana foleni nzima nilikaa kimya!

Daktari kaduwaa. "Unazibana humo kila siku?" Nikamwambia mimi fundi nguo, mikono yote imeshika kitambaa, nizibane wapi, masikioni?

Akasema huenda mdomo unayakataa madini ya hizo pini, kwa hiyo watanipima mzio kwenye ngozi, na pini marufuku. Moto usipopoa, basi ni mishipa ya fahamu, nayo ina dawa yake. Ni ugonjwa, shoga. UGONJWA! Si mawazo, si umbea.

Nikifika tu nashona kimto cha pini, nakifunga mkononi. Mdomo utashinda mtupu, hauna tena cha kuuziba.

Wifi ajiandae.