Unga wa Bibi

Zakia, nimeaibika maabarani mbele ya msimamizi wangu!

Nilipima ule unga wa magome ya mti aliokuwa ananisagia bibi kule Kikwe. Ukiutia dawa ya rangi ya zambarau ikageuka njano, ujue mmea una antioksidanti, zile kemikali zinazolinda seli za mwili. Wangu umeigeuza papo hapo! Umezipita sampuli zote!

Msimamizi akauliza, "Mti gani huu?"

Nikamjibu, "Mti wa bibi."

Wakacheka wote. Akarudia, "Mti gani?"

Sijui, Zakia! Miaka yote naunywa kwenye supu, sijawahi kuuliza jina. Na bibi ndiyo tumemzika mwezi uliopita.

Kimebaki kijiko kimoja. Wanakitaka wapime tena. Nimewaambia kimeisha.

Niko nacho chooni, nakinusa. Kina harufu ya moshi wa jikoni kwake.