Mashavu ya Leokadia

Nairobi, Jumapili baada ya Misa

Dada yangu Mama Leokadia,

Shikamoo, na tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, ila magoti yananisumbua kwa kupiga deki sakafu za hospitali. Macho yako je, ukungu umezidi? Najua anayekusomea ni Leokadia mwenyewe. Nimempa barua hii aje nayo, na nimemwapisha mbele ya msalaba asiruke neno, hata yale yanayomchoma.

Dada, kosa lilianza kwangu. Mwaka jana nilikuandikia habari za daktari wa hapa kazini anayekata makovu ya uso, kwamba wake za matajiri wanamjia kutoka Uganda na hata kutoka kwetu Tanzania, tangu mpaka wa nchi hizi mbili ulipofunguliwa tena. Zamani mtu alikwenda kwa daktari wa namna hiyo akiwa ameungua moto. Siku hizi ni fahari, wanaonyeshana picha. Niliandika kama umbea tu, nikasahau kwamba barua zangu anakusomea yeye.

Basi Leokadia akaja hapa na mumewe, yule mnunuzi wa dhahabu wa Geita. Nikamwuliza, "Mwanangu, unaumwa nini?" Mume ndiye aliyejibu, "Mama mdogo, haumwi huyu. Nikitembea naye mjini wananiuliza nimemwokota pori gani." Akacheka. Leokadia naye akacheka, kanga ameivuta mpaka mashavuni.

Ningeweza kumzuia. Nilikuwepo ulipomchanja zile chale za mashavuni, baada ya kuzika watoto watatu, ili kifo kikiona ana alama kimpite. Lakini moyoni nikasema hayo ni mambo ya kipagani, heri yatoke. Nikamshika mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Mungu anisamehe.

Hayakutoka. Vidonda vilipopona, makovu yalituna, manene kama kidole, huku na huku. Daktari anasema ngozi nyingine ndivyo zilivyo. Mbona hakusema kabla? Mume alimtazama mara moja tu, akaaga anakwenda kununua sigara. Sasa tunasikia yuko Geita, ameshaweka mwingine ndani.

Leokadia akaniomba nikuandikie kwamba alipata ajali ya gari. Nikakataa. "Mama yako nimdanganye kwa mkono huu ninaoshikia rozari?" Akalia, "Mayu wane, mama yangu mie! Atanipapasa, atasema huyu si wangu." Maana tangu macho yako yaharibike, umekuwa ukimjua kwa kupitisha vidole kwenye zile chale.

Anachoogopa ni hicho tu, Dada. Mume hamtaji tena.

Nisalimie shemeji, na shangazi yetu anayefuma mikeka. Mwalimu wa dini wa kigangoni mwambie aniombee, nina hasira ambayo kitubio hakijaiondoa.

Ni mimi mdogo wako, Mama Fabiani, ninayekuomba unyooshe mkono.

Leokadia, imetosha. Weka karatasi chini, msogelee mama yako.