Jembe Usinitumie

Mjukuu wangu Mutheu,

Nisamehe, barua yako imekaa wiki tatu chini ya mto. Mtoto anaota meno na mimi karibu nalala nikiwa nimesimama. Nyanya yako, dada yangu mkubwa, anakusalimia. Anacheka ati mimi kitindamimba nina mjukuu na bado nanyonyesha.

Umeuliza kama kuna haja ya kujua jembe limetengenezwa wapi, maana huko Nairobi umeona la bei rahisi.

Nikiwa rika lako, baba alinunua kama hilo dukani hapa Kikima, limepakwa rangi likang'aa. Mvua ikanyesha, tukaingia shambani, na kabla ya saa nne likapasuka. Mwenye duka akasema, "Mimi ni kuuza tu, sikulitengeneza." Asubuhi hiyo hiyo jembe la jirani nalo lilivunjika, lililofuliwa na fundi wa chuma wa sokoni. Fundi aliligeuza mkononi akasema, "Woi, hii ni aibu yangu." Akalifua upya, jirani akapanda udongo ukiwa bado na maji. Sisi tulichelewa.

Tangu hapo nanunua mahali kuna mtu wa kuona aibu. Msimu huu sichelewi.

Kwa hivyo jembe usitume. Nitumie miche miwili ya sabuni, sweta ya mtoto wa miezi saba, na kipande cha springi kuukuu ya lori kutoka gereji, urefu wa mkono, kwa sababu fundi ameishiwa na chuma cha kunifulia jembe. Hiyo springi hata ikiwa ya ng'ambo ni sawa, atakayeifua namjua.