Ndege Namba 31

Jumanne, 27 Januari
Nimefika makumbusho saa mbili kasoro dakika tano. Fatuma, mtunza funguo, amefika saa mbili na robo. Nimemwambia amechelewa. Ameomba radhi.
Kazi ya wiki hii ni kuandika upya kibao cha ndege ya kivita iliyo uani. Herufi zangu za zamani zimepauka. Safari hii nitathibitisha kila neno. Namba 31 imepakwa rangi kwenye mkia, inasomeka. Kibati cha namba cha kiwandani kimo ndani, chini ya kiti cha rubani. Sikuwahi kuingia humo. Kesho nitavaa suruali ya shamba.

Jumatano, 28 Januari
Nimeingia kwa tumbo, tochi mdomoni. Buibui. Mavi ya popo. Nimekisugua kibati kwa msasa laini na kukisoma mara tatu. Namba 27.
Nimemwita Fatuma asome. 27.
Sikula mchana.

Ijumaa, 30 Januari
Niandike yote. Hapa hapana wa kumficha.
Bi Somoe wa kijiji cha Sudi ni mjane. Mumewe, Hamisi, alikuwa fundi wa ndege jeshini. Alikwenda vitani, hakurudi, wala maiti yake haikurudi. Barua yake ya mwisho ilisema kwamba anahudumia ndege namba 31. Bi Somoe aliposikia habari za kibao changu alikuja na barua hiyo, imekunjwa ndani ya leso. Mimi ndiye niliyemwongoza hadi kwenye gurudumu na kumwambia, "Hii ndiyo."
Tangu hapo, kila Shaabani, wenzake wanapokwenda makaburini kuwarehemu wafu wao, yeye hupanda gari kuja Lindi. Huweka kiganja juu ya gurudumu, husoma Fatiha. Hana kaburi jingine.
Ametuma salamu. Anakuja Alhamisi.
Siku nilipoandika kibao cha kwanza sikuingia ndani kwa sababu nilivaa kanzu nyeupe, imepigwa pasi. Hiyo ndiyo sababu yote. Miaka yangu ya ualimu nimewachapa watoto wa watu kwa uzembe mdogo kuliko huo.

Jumamosi, 31 Januari
Fatuma anasema tunyamaze. "Babu, tuuchune tu. Bibi wa watu akijua, itamsaidia nini?"
Nimemjibu kwamba makumbusho yasiyosema kweli ni ghala la vyuma. Jibu zuri. Lakini swali lake sikulijibu. Nilitamani kumkubalia.

Jumatatu, 2 Februari
Nimekwenda Rondo. Mzee Chilumba, fundi mstaafu wa ndege, siku hizi ana mikorosho. Nimemweleza. Amecheka hadi akakohoa.
"Mwalimu, kwenye ndege mbovu mbili tulikuwa tunatoa nzima moja. Wewe ulidhani ni ya baba mmoja, mama mmoja?"
Anasema kila kipande kikubwa kiligongwa namba yake kwenye chuma. Rangi si ushahidi, yeyote anaweza kupaka. Nikaangalie usukani wa mkia, lile bapa la nyuma linalogeuza ndege, upande wa bawaba. Kama 31 imegongwa pale, basi usukani umetoka kweli kwenye ndege ya Hamisi. Kama haikugongwa, hakuna kitu.
Kanifungia korosho. Njia nzima sikuzigusa.

Jumanne, 3 Februari
Nimepanda ngazi, Fatuma ameishika. Nimekwangua rangi kando ya bawaba. 31. Imegongwa.
Nimefurahi kwa muda wa kushuka ngazi tu. Miaka yote hii nimemshikisha gurudumu la ndege nyingine.

Alhamisi, 5 Februari
Amekuja saa nne. Nimemzuia kabla hajafika kwenye gurudumu. Nimesema, "Bi Somoe, nilikukosea," kisha nikamweleza yote, pamoja na kanzu.
Ameinua macho hadi kwenye mkia. Fatuma ametazama pembeni.
"Kwa hiyo cha Hamisi ni kile cha juu tu?"
"Kile tu. Lakini kile ni chake kweli."
"Na hapa nilikuwa namsomea fundi wa watu."
Nimeomba radhi. Hakusema amenisamehe. Ameuliza fundi wa ndege namba 27 ni nani. Sijui. Ameuliza kama alirudi kwao. Sijui.
Akataka ngazi. Tumempinga kwa sababu ya magoti yake. Hakusikia. Amepanda vidato vitatu, mimi nimeshika upande mmoja, Fatuma upande wa pili. Ameweka kiganja kwenye usukani, amesoma. Muda mrefu kuliko mwaka jana.
Ameshuka. Nilidhani tumemaliza. Amekwenda kwenye gurudumu, ameweka kiganja palepale pa siku zote, amesoma tena.
"Huyu nimeshamzoea," akasema.

Ijumaa, 6 Februari
Kibao kipya kimekauka. Bodi ya ndege: namba 27. Usukani wa mkia: ndege namba 31. Fundi wa namba 31: Hamisi, wa Sudi. Fundi wa namba 27: bado anatafutwa.
Fatuma amefika saa mbili kamili. Ameuliza kama airudishe ngazi stoo. Nimemwambia aiache hapohapo.