Zulia la Bwana Badawi

Kuze, Mombasa
Machi 1996

Kwako dada yangu Mejumaa,

Shikamoo dada, kwa heshima na mapenzi. Vipi mafua ya mwanao mdogo, na ule ukuta wa jiko, mshaukandika? Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Roho ndiyo haijatulia, na najua yako pia, maana habari ya mumeo imekufikia kabla ya barua yangu, tena kwa midomo isiyo na adabu. Nasikia wafunga mizigo urudi kwa Mama. Ngoja kwanza unisikilize. Shemeji Gunga si mwizi.

Wajua mimi na yeye twatengeneza kompyuta dukani kwa Bwana Badawi. Mwaka huu Bwana alitia mashine ya baridi na zulia nene la Dubai, akataka kila mtu avue viatu mlangoni kama aingiaye nyumba ya heshima. Tukawa twatembea kwa soksi, madirisha yamefungwa. Tangu hapo vipande vya memori, ambavyo bila ya hivyo kompyuta haiwaki, vikaanza kufa. Vyaja vizima, ukivitia mashineni, kimya. Bwana akasema kuna mtu abadilisha vizima kwa vibovu. Na ufunguo wa kabati alikuwa nao shemeji.

Hakumshtaki. Heri angemshtaki! Alikwenda kusomesha Halbadiri, kisomo cha maapizo, kimpate yeyote aliyemtia hasara ile. Wiki haikwisha, shemeji akashikwa na homa, akalazwa hospitali. Basi tena, mtaa mzima ukasema mwizi kapatikana.

Ukweli niliupata kwa kupeana mkono. Bwana alivuka zulia kunisalimu, vidole vyetu vikarusha cheche, tukashtuka sote wawili. Hapo nikakumbuka ile picha ya mkono uliopigwa mstari, ya kuonya visishikwe ovyo, iliyo kwenye mifuko ya memori, ambayo siku zote twaichana na kuitupa. Nikafunga waya wa shaba mkononi, ncha nyengine nikaifunga kwenye bomba la chuma la maji, nikashika vipande vipya. Vyote vikawaka. Bwana akashika vyengine kama ada yake, maana yeye hauzi kitu bila kukitoa mfukoni na kumwonyesha mteja kiganjani. Vingi vikafa. Ni umeme, dada, tuliokuwa tukiukusanya mwilini kwa kutembea juu ya zulia katika hewa kavu ya ile mashine; waya wangu uliupeleka ardhini.

Nilikwenda hospitali mbio nikidhani nampelekea shemeji furaha. Alikuwa amekataa vidonge, asema homa ya kisomo haina kidonge. Nikamweleza yote, polepole. Akanitazama, akasema, “Basi ni mikono yangu iliyoviua, Taib. Kisomo hakikukosea.” Akageukia ukutani. Nililia dada, sikufichi.

Nikarudi kumwambia Bwana Badawi. Mzee yule ana kiburi chake, lakini alivaa kanzu akaja nami mpaka wodini, akakaa kitandani kwa shemeji watu wakimwona. Akamwambia, “Mimi nimevishika kuliko wewe. Kama kisomo chatafuta mkono, ni huu wangu. Wewe meza dawa.” Akamshikia kikombe mwenyewe. Shemeji akameza. Sasa homa imeshuka, na jana aliomba uji, akauliza habari zako.

Ila kuna jambo sijamwambia mtu, na shemeji asilisikie kwa sasa. Duka halijafunguliwa tangu juzi. Bwana Badawi yuko kitandani, ana homa. Daktari asema ni malaria, mbu wamejaa mji mzima, nami naamini. Zulia nimelikunja na kulitoa kwa mikono yangu. Lakini mkewe ameniita nikamjulie hali, na hivi nakuandikia nimekaa chini ya ngazi ya nyumba yao. Mimi niliyewaeleza wote habari ya umeme, dada, naogopa kupanda.

Nibusie watoto, na Mama ukimwona mwambie sijamsahau. Mizigo ifungue, uje kwa mumeo upesi. Ukifika upitie hapa kwanza unishike mkono, tupande pamoja.

Ni mimi nduguyo akupendaye,
Taib