Mama wa Viti Viwili

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotutoka asubuhi ile, na nyumba bado haijazoea. Baba angali anamimina vikombe viwili vya chai, kisha anajifanya kile cha pili alikitaka mwenyewe. Tunamwona, tunageukia vikombe vyetu.

Ninayeandika kwa niaba ya wote ni mwanao wa kwanza, yule uliyemwita Bibi Mdomo. Baba alijaribu kabla yangu. Aliandika, "Mke wangu alikuwa mtu mwema," akaweka kalamu chini, akaenda kunawa uso. Basi kazi ikaniangukia mimi.

Ulikuwa mlezi wa vijana Wakristo katika shule tatu za sekondari, na kazi hiyo uliifanya kwa namna yako. Shule moja ilikupa ofisi yenye pazia na meza kubwa. Ukaiacha itumike kuhifadhi mipira. "Mtoto akiitwa ofisini anajua ana kesi," ulisema. Ukanunua viti viwili vya kukunja, ukawa unatembea navyo kwapani, leo nyuma ya jiko la shule, kesho kando ya uwanja wa mpira wa wavu. Hukuvipanga vikatazamana hata siku moja. Uliviweka bega kwa bega, kwa sababu ulisema mtoto husema kweli akipata kitu kingine cha kutazama. Wanafunzi wakakubatiza Mama Viti, na walimu nao wakalidaka jina.

Tusitie chumvi lakini, ulikuwa na mapungufu yako. Kanisani uliimba kwa moyo wote na kwa sauti isiyosikia la mtu. Wenzako wakishuka, wewe ulipanda, na kwaya ilishakata tamaa nawe zamani. Mezani chakula chako kilipoa kwa ajili ya simu. Ilipolia ulitoka uani, ukarudi macho mekundu, nasi tukauliza, "Nani huyo, Mama?" Ukajibu, "Mtoto wa watu. Nipe chumvi." Tuliona wivu, hilo tunalisema wazi. Tulikuwa na mama ambaye nusu ya moyo wake ilijaa watu tusiowajua hata kwa sura. Siku moja kitinda mimba wako alikuuliza kama na yeye ni lazima apate matatizo ndipo aketishwe kwenye kile kiti. Ulicheka mpaka machozi yakakutoka, kisha ukaketi naye mlangoni jioni nzima.

Jumamosi moja mwezi uliopita, tukiwa tunapanga ibada ya leo, alibisha hodi mwanamke kijana aliyevaa nadhifu, mwalimu wa hesabu. Alisema asingemaliza shule kama si wewe. Baba akamkaribisha, naye akatusimulia jambo ambalo hatukuwahi kulisikia kinywani mwako.

Alikuwa kidato cha tatu. Baba yake alikuwa amefungwa kwa kuiba mali ya ghala alikofanya kazi, na kosa alikuwa amelifanya kweli. Binti alimwambia mtu mmoja tu pale shuleni, mwenyekiti wa umoja wa vijana, kijana mwenye bidii ambaye wenzake walimwita Askofu. Akamwambia, "Niombee." Naye Askofu akamwombea kweli, tena ibadani, kwenye kipaza sauti.

"Ee Bwana, mkumbuke dada yetu wa kidato cha tatu, yule anayelala karibu na mlango, ambaye baba yake yuko jela kwa wizi!"

Ukumbi mzima ukaitikia amina, na waliofumba macho wakafumbua moja. Mgeni wetu alisema ulisimama papo hapo ukaanzisha wimbo kwa ile sauti yako, na watu wakakosa hata nafasi ya kumtazama kwa jinsi walivyohangaika kukufuata. Tulicheka sote, na Baba alicheka kuliko sisi.

Hata hivyo, binti alikimbilia bwenini akafunga virago. Nguo alizokuwa ameloweka alizitia sandukuni zikiwa mbichi. Alishakata shauri kwamba shule basi, atakwenda kwa shangazi yake asionane tena na mtu yeyote anayemjua. Ulimkuta nje ya bweni, penye kamba za kuanikia, ukakunjua viti vyako ukaketi. Yeye akabaki wima na sanduku lake.

"Sitaki maombi," alikwambia.

"Sawa, mwanangu. Unataka nini?"

Akafikiri. "Nataka sabuni. Nguo zangu zitanuka."

Ukaenda dukani ukarudi na mche wa sabuni, mkafua pamoja nguo za sanduku zima, wala hukumuuliza swali. "Nilijiambia nitaondoka zikikauka," alitusimulia. "Zilipokauka, nilikuwa nimeshakaa kwenye kiti na nimeshasema yote."

Askofu naye, kama alivyomweleza binti alipokwenda kumwomba radhi, ulimkuta amejifungia katika ile ofisi yako, kati ya mipira, analia kwa kwikwi. Alitaka asimame mbele ya shule nzima aungame. Ukamkatalia. "Ukimtaja tena hata kwa kumwomba radhi, utakuwa umemvua nguo mara ya pili. Nenda kwake, kando, umwombe yeye kwanza. Mungu atakusubiri." Tangu hapo katika shule zote tatu, anayemwombea mwenzake hasemi jina, darasa wala shida. Anasema "mwenzetu", kisha wote wananyamaza kidogo. "Mungu si mgeni hapa, haelekezwi nyumba," uliwaambia. Mwaka huu tulialikwa kwenye ibada yao, Mama, tukausikia ukimya huo kwa masikio yetu. Kazi yako inaendelea, tena inakwenda vizuri.

Mgeni alipomaliza, Baba alitikisa kichwa. "Miaka yote hiyo mke wangu hakunidokezea hata neno."

"Ndiyo maana nilibaki, Baba," mwalimu alimjibu. "Nilingoja muhula mzima nisikie habari zangu zikirudi kutoka kwake. Hazikurudi. Nikajua kumbe mtu wa kuaminika yupo."

Kwa hiyo usituchukie ukiona tumeyaandika hapa. Wewe ulikufa nayo, na sisi tulimwomba ruhusa mwenye nayo. Alisema, "Andikeni. Siku ile nilinyang'anywa siri yangu, leo naitoa mwenyewe. Na jela muiandike. Baba yangu alishatoka. Ndiye aliyenisindikiza, yuko hapo nje ya geti. Anaona haya kuingia nyumba ya Mama Viti."

Baba alitoka na ndala zake mpaka getini, tukamsikia akifoka, "Mzee mwenzangu, unasimamaje juani na nyumba iko wazi?" Akarudi amemshika mkono. Wakaketi sebuleni wazee wawili, mwanzoni kila mmoja akitazama miguu yake, baadaye wakaanza kutusengenya sisi mabinti zao mbele ya macho yetu. Tulipowatengea chakula, yule mzee alikula akamaliza, akaomba aongezwe.

Tunakulilia bado, Mama, tusidanganyane. Lakini uliyemtumikia tunamjua, na hatuna shaka alikupokea.

Unakumbukwa na mumeo, fundi wa saa. Nami Bibi Mdomo. Mwanao wa pili, dereva. Kitinda mimba wako, anayesomea uuguzi. Mama mkwe wako, ambaye hajawahi kukuita mkwe bali binti yangu. Dada yako na kaka zako. Mjukuu uliyemwacha tumboni, ambaye sasa anasimama dede na kupiga kelele kukuzidi. Walezi wenzako na vijana wa shule zote tatu.

Yule mzee wa getini aliuliza, kwa sauti ya chini, kama na yeye anaweza kutajwa humu pamoja na familia. Tumemtaja. Sote kwa pamoja, Mama, maadamu tunapumua, hatutakusahau.