Maganda ya Ndizi kwa Maji ya Betri

Kasulu, 3 Juni 2024

Assalaam alaikum baba,

Natumaini wewe na mama hamjambo, mimi mzima. Chupa ya maji ya karakana yako ya betri niliipokea kwa kondakta. Tafadhali, usiyamwage tena mtaroni. Yamepimwa Mwanza, yana madini ya risasi mengi mno, ni sumu. Lakini nimesoma kwamba unga wa maganda ya ndizi huinasa risasi. Kausha maganda, yatwange, yaloweke katika pipa la maji hayo siku nzima, uchuje, unitumie chupa. Natamani ifike kesho.

Mwanao, Asmahani

Kibondo, 20 Juni

Waalaikum salaam mwanangu,

Mama yako anakusalimu kwa Kiha, "mwidiwe"; mgongo uliokuwa ukimuuma umepoa. Nimefanya ulivyosema. Wateja wanacheka kwamba mwalimu wa kemia amemfanya baba yake mtwanga maganda. Chupa hiyo.

Baba yako, Nurudini

Kasulu, 9 Julai

Shikamoo baba,

Poleni na baridi. Risasi imebaki karibu vilevile. Kosa ni langu: nilisahau tindikali ya betri iliyomo. Maji yakiwa makali hivyo, maganda hayanasi kitu. Yapunguze ukali kwa chokaa. Nakutumia karatasi za kupimia ukali; maji yakiwa makali hugeuka nyekundu. Usikate tamaa, tuko karibu.

Asmahani wako

Kibondo, 25 Julai

Marahaba mwanangu, sote wazima.

Chokaa sikupata. Nimetia jivu la jikoni kidogo kidogo mpaka karatasi zikaacha kuwa nyekundu, tope likatuama, ndipo nikatia maganda. Pima haraka, siwezi kutulia.

Baba yako

Kasulu, 12 Agosti

Shikamoo baba, na mama pia!

Majibu nimeyasomea mlangoni mwa darasa, wanafunzi wakaniuliza nacheka nini. Katika kila sehemu mia za risasi, tisini na saba zimetoka! Bado si maji ya kunywa. Tope na maganda fungia kwenye pipa lenye mfuniko, mbuzi wasiguse.

Mwanao mwenye furaha

Kibondo, 21 Agosti

Marahaba mwanangu, tunamshukuru Mungu.

Mafundi wawili wameomba niwafundishe. Lakini kwanza nilimwita Ildefonce, anayelima mchicha chini ya mtaro, nikamwambia nilichomwaga kwa miaka kumi na moja. Akasema, "Ungekaa kimya nisingejua." Nikamwambia ndiyo sababu nimemwita.

Hajanisamehe. Alishuka kung'oa mchicha wote, nami nikashika jembe upande wa pili, hakunifukuza. Leo tumeuziba mtaro. Watoto wake wanakwenda kupimwa damu, nami nawasindikiza. Wewe njoo Jumamosi, upime udongo.

Baba yako, Nurudini